Kujenga kompaila ya Pascal mwenyewe kwenye terminali

Aliyewahi kugandisha maziwa mala nyumbani anajua kwamba unaanza na kijiko cha mala ya jana. Free Pascal, kompaila (programu inayogeuza msimbo wa lugha ya Pascal kuwa programu inayoweza kuendeshwa), nayo ni hivyo hivyo. Imeandikwa kwa Pascal, kwa hiyo huwezi kuijenga bila Free Pascal nyingine ambayo tayari iko kwenye mashine. Wengi hukwama hapo.

Mimi natumia laptopi kuukuu niliyonunua Luthuli Avenue, Nairobi, yenye Ubuntu 22.04.

1. Tafuta kompaila ya kuanzia

```
sudo apt update
sudo apt install fpc git make binutils
fpc -iV
```

Amri ya mwisho itoe 3.2.2. Ukiwa bado na Ubuntu 20.04 utaona 3.0.4, na make (programu inayoendesha ujenzi) itakugomea mapema kwamba toleo hilo halifai kuanzia. Kuna njia ya kuilazimisha, lakini usijisumbue. Tafuta 3.2.2.

2. Shusha msimbo

```
git clone --depth 1 https://gitlab.com/freepascal.org/fpc/source.git ~/fpc-msimbo
cd ~/fpc-msimbo
```

Usiache `--depth 1`. Bila hiyo unashusha historia yote ya mradi ulioanza 1993, na bando ni lako.

3. Jenga

```
make all
```

Kaanga mayai, chemsha chai. Mistari itakayokuwa ikipita kwenye skrini inapendeza ukijua kinachoendelea: kompaila ya zamani inajenga mpya, hiyo mpya inajijenga tena, kisha tena, hadi nakala mbili zinazofuatana ziwe sawa kabisa. Zikitofautiana, kuna kasoro mahali. Baada ya hapo ndipo maktaba na vifurushi vingine hufuata, na hivyo ndivyo vinavyokula muda.

Mara yangu ya kwanza stima ilipotea katikati, na betri ya laptopi hii ni ya urembo tu. Iliporudi nikaendelea pale pale, nikapata makosa yasiyoeleweka kuhusu faili za `.ppu`, yaani vipande ambavyo kompaila ilikuwa imeshavijenga. Zilikuwa zimeandikwa nusu. Nilipoteza jioni nzima nikitafuta kosa kwenye msimbo wa watu, kumbe dawa ni mstari mmoja unaofuta vyote vilivyojengwa:

```
make distclean
```

Halafu `make all` upya.

4. Sakinisha kwenye folda yako

```
make install FPC=$PWD/compiler/ppcx64 INSTALL_PREFIX=$HOME/fpc
ln -sf $HOME/fpc/lib/fpc/3.3.1/ppcx64 $HOME/fpc/bin/ppcx64
```

3.3.1 ndiyo namba ya toleo tulilojenga. Sihitaji sudo, na ile ya apt haiguswi. Huo mstari wa `ln` ndio watu husahau. `fpc` yenyewe ni mjumbe tu, kazi inafanywa na `ppcx64`. Mjumbe asipomwona mwenzake kando yake, anaenda kumtafuta kwingine, na unaweza kuishia na kompaila ya zamani bila kujua.

5. Mipangilio

```
$HOME/fpc/bin/fpcmkcfg -d basepath=$HOME/fpc/lib/fpc/3.3.1 -o $HOME/.fpc.cfg
export PATH=$HOME/fpc/bin:$PATH
fpc -iV
```

Sasa isome 3.3.1. Mstari wa `export` unaongeza folda yetu mwanzoni mwa PATH, orodha ya folda ambamo terminali hutafuta programu; uweke pia kwenye `~/.bashrc`. Jaribu na faili `sasa.pas`:

```
begin
  writeln('Niaje Nairobi');
end.
```

```
fpc sasa.pas && ./sasa
```

Ukitaka kujenga tena baadaye

Baada ya `git pull`, make itaiona 3.3.1 kwanza kwenye PATH na kuikataa, kwa sababu inataka kuanzia kwenye toleo rasmi. Ifiche kwa muda:

```
make distclean
PATH=/usr/bin:/bin make all
```

Kisha rudia hatua ya 4. Faili ya mipangilio haihitaji kuguswa hadi namba ya toleo ibadilike.