Namna ya Kutambua Tendo la Kimaonyesho na Kulijenga Mbele ya Watazamaji

Wanaoanzisha kikundi cha maigizo, shuleni au mtaani, aghalabu hutangulia kutafuta maleba (mavazi ya kuigizia), pazia na taa, kisha hushangaa igizo linapopooza ilhali kila kitu kipo. Vitu hivyo vinasaidia, lakini havitoshi. Tendo huwa sanaa ya maonyesho pale anayetenda na anayetazama wanapokubaliana, hata bila kutamka, kwamba kwa muda ule na mahali pale kinachotendeka kinasimama badala ya jambo jingine. Kazi ya kwanza ya mwongozaji ni kujifunza kuyaona makubaliano hayo. Kazi ya pili ni kuyajenga.

Ili kuyaona, chukua tukio unalolifahamu vizuri na ulipime. Kipimo kinachofaa ni kile kilichowekwa na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya mwaka 1976, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho: lazima pawepo dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Tuyapime majigambo ya Wahaya. Shujaa alisimama mbele ya mtawala, silaha mkononi, akajisifu kwa matendo yake ya vitani huku mwili wake ukiyaonyesha yale ambayo kinywa kilikuwa kikiyatamka. Dhana ni ushujaa uliotendeka kwingine na sasa unaletwa machoni pa watu. Mtendaji ni shujaa mwenyewe. Uwanja ni mahali pale alipoachiwa nafasi. Na watazamaji ni mtawala pamoja na watu wake. Hakuna kilichopungua. Wale waliodai wakati wa ukoloni kwamba Mwafrika hakuwa na sanaa za maonyesho walikuwa wakitafuta jengo lenye viti na pazia, na kwa kuwa hawakuliona, hawakuliona tendo pia. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu mpaka leo wako wanafunzi wanaoamini kwamba sanaa hii inaanzia kwenye tamthilia iliyoandikwa.

Hata hivyo, si kila tendo linalotazamwa ni la kimaonyesho. Jiulize: watazamaji wakiondoka sasa hivi, je, tendo litaendelea? Mama anayetwanga mahindi uani ataendelea kutwanga, kwa sababu anahitaji unga. Mwigizaji anayetwanga jukwaani ataacha, kwa sababu mchi wake ulikuwa ukisema jambo kwa mtu fulani, na mtu huyo hayupo tena. Yako matukio yanayosimama mpakani. Katika unyago mna nyimbo, ishara na maigizo yanayomfunza mwali, lakini waliopo ni washiriki kuliko kuwa watazamaji, na lengo ni kumvusha mwali kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine. Hapo usilazimishe jibu la ndiyo au hapana. Andika ni sehemu zipi za tukio zina sifa za kimaonyesho na zipi hazina.

Ukishazoea kutambua, anza kujenga. Tuseme kikundi chenu kimeamua kutunga igizo lenu wenyewe kutokana na habari za Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewaunganisha watu dhidi ya utawala wa Wajerumani kwa maji ya dawa, habari ambazo Ebrahim Hussein alizifanyia tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969. Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 1904, mwaka mmoja kabla ya Vita vya Maji Maji kuanza, Kinjeketile alivutwa na pepo akaingia majini. Waliojua kuogelea wakapiga mbizi wasimwone. Na kesho yake akatoka akiwa mzima, nguo zake zikiwa kavu. Kabla ya kugawa nafasi za wahusika, andikeni dhana kwa sentensi moja, kwa mfano: watu waliotawanyika wanapata jambo la kuwaunganisha. Kila tendo lisiloitumikia sentensi hiyo liondolewe, hata likiwa zuri.

Tatizo la kwanza litakuwa maji, na hapa ndipo vikundi vingi huharibu, kwa kuchora mto kwenye turubai au kutandika shuka la buluu. Mimi ningewashauri mwache sakafu tupu. Maji yatoke katika miili ya wanaotazama kutoka ukingoni: wanakijiji wasimame kwenye mstari mmoja ambao hakuna anayeuvuka, macho yao yashuke pole pole kadiri Kinjeketile anavyozama, na mmoja wao arudishe mguu nyuma kana kwamba umelowa. Mtazamaji akiona mguu ule umerudishwa, ameshauona mto. Usiku mzima wa kusubiri nao unaweza kubebwa na wimbo mmoja wa maombolezo, unaoanzwa na sauti nyingi na kumalizwa na sauti moja. Atakapotoka, ukavu wa nguo usitangazwe kwa maneno. Mtu mmoja amsogelee, aguse shuka lake, autazame mkono wake, kisha awaonyeshe wenzake kiganja. Matendo hayo ni madogo, kwa hiyo yafanywe kwa ukubwa na utaratibu unaomfikia mtu wa safu ya mwisho, na yaweze kurudiwa vile vile kila onyesho.

Uwanja uamuliwe mapema. Watazamaji wakikaa upande mmoja, mstari wa ukingo utakuwa mbele yao na sura za wanakijiji zitaonekana zote. Wakikaa kwa duara, kama kwenye ngoma, kila mwigizaji atakuwa amewapa baadhi yao mgongo, kwa hiyo mgongo na mabega navyo vifunzwe kusema. Faida yake ni kwamba watazamaji wenyewe wanageuka kuwa ukingo wa mto. Kwa igizo hili ningechagua duara bila kusita.

Mazoezi yawe ya wazi inapowezekana. Huko Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijenga ukumbi wao usio na paa na kufanya mazoezi mbele ya majirani, ambao walisahihisha maneno na matendo kwa kuwa maisha yaliyoigizwa yalikuwa yao. Serikali ya Kenya ilifuta kibali cha maonyesho hayo mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Maleba na taa vije baada ya mazoezi hayo, na viwe vichache.

Mwisho, amueni ishara ya kufungua na ya kufunga. Mtambaji wa hadithi akisema "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", makubaliano yamefungwa kabla hadithi haijaanza. Igizo lenu linaweza kutumia mdundo wa ngoma au kimya cha wahusika wote kwa pamoja. Siku ya onyesho la kwanza, mwongozaji asitazame waigizaji. Akae pembeni atazame nyuso za hadhira, na aandike ni wakati gani hasa watu walianza kujikuna, kunong'onezana au kutazama simu, kwa sababu hapo ndipo pa kuanzia mazoezi yanayofuata.