Jinsi ya kumaliza kampasi ukiwa na cheti cha uongozi wa NGO pamoja na digrii yako

Kama uko kampasi hapa Nairobi na roho yako iko kwa kazi za NGO, usingoje gradu ndio uanze kutafuta cheti. Nasema hivi juu nimeona watu wa darasa letu wakianza kuhangaika baada ya kuvua joho, digrii iko mkononi lakini kila tangazo la kazi linaitisha uzoefu wa miaka 2 ama 3, na hapo mtu anaenda kulipia kozi ya wiki moja hotelini, anapewa karatasi ya kumetameta na chai ya saa nne, basi. Miaka 4 ya chuo inatosha kabisa kupata cheti cha maana na uzoefu wa kukisimamisha, lakini anza mwaka wa pili, mwaka wa nne utakuwa na projekti na mawazo mengi ya kodi.

Wacha nianze na mfano wa Marekani juu ulinisaidia sana kupanga. Huko kuna shirika linaitwa Nonprofit Leadership Alliance, lilianza Kansas City mwaka 1948 likiitwa American Humanics, na linatoa cheti cha CNP (Certified Nonprofit Professional) kupitia vyuo vyenye linashirikiana navyo. Mwanafunzi anasoma mambo ya mashirika yasiyo ya faida ndani ya digrii yake, anafanya kazi kwa shirika kama saa 300, na lazima aongoze shughuli fulani, si kuhudhuria tu. Angalia hapo: masomo, saa za kazi, uongozi. Cheti chenyewe kiliundiwa vyuo vya kwao, lakini mpangilio huo hakuna mtu anakukataza kuufuata ukiwa unalala hosteli ya Ngara, na mimi ndio nilifuata.

Kwa upande wa karatasi, ile ningekuambia uanze nayo ni Project DPro, yenye zamani iliitwa PMD Pro, ya shirika linaitwa PM4NGOs. Ni cheti cha kusimamia miradi ya maendeleo na ya misaada, na uzuri wake ni kwamba kitabu cha mwongozo unapakua bure, unasoma mwenyewe jioni, halafu pesa unalipa ya mtihani peke yake, kwa hivyo unaweza kusoma semista mbili nzima ukiweka akiba polepole. Usikariri. Chukua shida yenye unaijua mtaani kwenu, tuseme taka zimeziba mtaro na kila mvua ikinyesha maji yanaingia nyumba za watu, uchore mti wa matatizo: shina ni shida yenyewe, mizizi ni sababu (gari la taka haliingii vichochoro, hakuna mahali pa kutupa, vijana walikuwa wanazoa lakini wakaacha juu nyumba nyingi hazikulipa), matawi ni madhara. Ukimaliza huo mti kwa uaminifu, logfremu, yaani lile jedwali la malengo, shughuli na viashiria vya mradi, inakuja yenyewe. Mimi nilijaribu kusoma logfremu kwanza, wiki tatu sikuelewa kitu, nikachora mti wa mtaro wa nyuma ya ploti yetu na siku hiyo hiyo ikafunguka.

Ukitaka za bure kabisa kuna Kaya na DisasterReady, hizo ni za mtandaoni na unapata cheti. Fanya tatu, si thelathini. Chagua ya kulinda watoto, ya pesa za mradi na moja ya kufuatilia na kutathmini, zingine ni za kujaza CV na mtu wa kuajiri anaona.

Kitu kingine wanafunzi wanaruka ni sheria yetu wenyewe. Mashirika yalikuwa chini ya sheria ya NGO ya 1990, halafu ikapitishwa sheria ya PBO, yaani mashirika ya manufaa ya umma, Rais Kibaki akaitia sahihi Januari 2013 na ikakaa miaka 11 bila kuanza kutumika mpaka tarehe 14 Mei 2024. Sasa ile bodi ya zamani ya NGO ni mamlaka ya kusimamia PBO. Isome yote, hasa sehemu ya ripoti na hesabu za kila mwaka, juu ukiingia ofisi ndogo utashangaa ni wewe tu umeisoma.

Sasa turudi kwa zile saa 300 za mfano wa Marekani. Kama kozi yako ina atachmenti ya wiki 12, siku 5 kwa wiki, saa 8 kwa siku, hizo ni saa 480, umevuka kwa mkupuo mmoja. Kama kozi yako haina, Jumamosi za saa nne nne zitakupeleka Jumamosi 75, ni ndefu, kwa hivyo changanya: long holidei fanya kila siku, semista ikianza rudi Jumamosi. Mahali pa kwenda watu wengi wanafikiria Gigiri na Westlands, lakini ushauri wangu ni uende CBO ndogo, yaani shirika la watu wa mtaa wenyewe, Mathare, Kawangware, Korogocho, kwenye ofisi ni chumba kimoja na watu wanne, juu huko utaandika ripoti, utapiga simu kwa chifu, utashika pesa, utapanga viti, na kwa miezi mitatu utakuwa umeona shirika lote tangu tumboni. Na usidhani ndogo inabaki ndogo, MYSA ilianza Mathare 1987 na mpira wa vijana pamoja na kuzoa taka, SHOFCO ikaanza Kibera 2004, angalia zilipofika.

Kabla uende, weka mguu sawa na Good Conduct, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, unaomba kwa eCitizen kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole, hata Huduma Centre ya GPO. Popote penye watoto wataiulizia, na huwa inachukua muda kutoka.

Nilikosea kitu kimoja mwanzo na nataka wewe usikosee. Mahali pa kwanza nilijitolea karibu miezi minne, nilifanya kazi kwa moyo wote, hakuna daftari nilisaini, na mkubwa wa pale alipohama hakukuwa na mtu wa kusema nilikuwa huko. Saa zote zikapotea. Pale pa pili nilinunua kaunta buku kwa shilingi 150, kila siku naandika tarehe, saa niliyoingia, saa niliyotoka, nilifanya nini kwa mistari miwili, na kila Ijumaa kabla sijatoka msimamizi anatia sahihi. Usingoje mwisho wa mwezi, kila Ijumaa.

Na hapo pa pili ndio nilifundishwa uongozi wenyewe. Tulikuwa na mafunzo ya siku moja kwa ukumbi wa kanisa, watu 40 walialikwa, kila mmoja arudishiwe nauli shilingi 300, kwa hivyo nilipewa 12,000 taslimu kwa bahasha na karatasi ya kusaini. Jioni karatasi ina sahihi 38, ndani ya bahasha imebaki 300. Inafaa kuwa 600. Mimi nilikuwa tayari kutoa 300 yangu nifunge mambo, mhasibu wetu, mama mmoja mpole sana, akanishika mkono akaniambia, "Kijana wangu, ukiweka ya kwako leo, hesabu itakuwa sawa lakini itakuwa ya uongo." Akanikalisha, tukapiga simu jina kwa jina mpaka saa moja usiku, tukapata mama mmoja alipokea akaondoka kuwahi mtoto bila kusaini. Asubuhi nikaenda kwake Mabatini na karatasi, akasaini, nikaandika pembeni kwa nini sahihi ni ya tarehe tofauti. Mali bila daftari huisha bila habari, nilikuwa nimesikia tangu darasa la nne, lakini siku hiyo ndio niliielewa kwa miguu.

Kwa hivyo ukifika upande wa uongozi kampasi, uwe kwa klabu ya kujitolea kama Rotaract, Enactus, ama kundi la Msalaba Mwekundu, wote watang'ang'ania uenyekiti, wewe omba uweka hazina. Fanya bajeti, tunza risiti na meseji za M-Pesa, soma hesabu mbele ya wanachama na ukubali kuulizwa maswali. Kama bado hujafika miaka 25, angalia pia President's Award, ile tuzo ya vijana, inachukua vijana wa miaka 14 hadi 24 na ina ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na saa zako za kujitolea zinaingia hapo.

Ukikaribia kumaliza, wiki mbili kabla, si siku ya mwisho, omba barua. Usiombe tu "barua ya kusema nilikuwa hapa", mpelekee msimamizi rasimu umeandika mwenyewe: tarehe ya kuanza na kumaliza, jumla ya saa kutoka kwa kaunta buku, kazi tatu zenye ulifanya na idadi zake, kwa mfano mafunzo mangapi na watu wangapi, na kiasi cha pesa chenye ulisimamia. Iwe kwa karatasi yenye jina la shirika, ipigwe muhuri, iwe na namba ya simu ya ofisi. Iskani siku hiyo hiyo kwa saiba, ujitumie kwa imeili, na kopi moja uachie nyumbani kwa mama.