Bastola ya babu ilitoka wapi? Anza na chuma, hadithi ifuate

Bastola ikikutwa kwenye sanduku la marehemu babu, iwe Kamalondo au Katuba hapa Lubumbashi, usiibebe kwenda kwa fundi wala kituoni. Silaha bila kibali ni kosa, na kukamatwa nayo njiani ni hatari kubwa. Iache ilipo, mtume wakili aulize namna ya kuisalimisha au kuiombea kibali. Utafiti unahitaji picha tu.

Kabla ya picha, mtu anayezijua silaha ahakikishe haina risasi. Mtutu uelekee pasipo na watu, kidole kikae mbali na kifyatulio, magazini itolewe kwanza, ndipo kipande cha juu kivutwe nyuma na chemba itazamwe. Ukikivuta kipande hicho magazini ikiwa bado ndani, risasi nyingine inapanda. Na usidanganyike: Beretta, bastola ya Kiitalia ya muundo wa 1934, hufyatua hata bila magazini.

Kutu usiiguse kwa msasa. Msasa ndio unaofuta ushahidi. Tone la mafuta na mswaki laini vinatosha. Weka taa ya simu ubavuni, karibu ilale juu ya chuma, na alama hafifu zitatoa kivuli. Piga pande zote mbili, pamoja na namba ya kipande cha juu na ile ya mwili. Zikitofautiana, vipande vimechanganywa.

Neno Herstal, mji wa Ubelgiji wenye kiwanda cha silaha cha FN, peke yake halithibitishi kwamba bastola ilikuwa ya jeshi la Ubelgiji. Wajerumani waliteka kiwanda hicho mwaka 1940 wakaendelea kutengeneza bastola zake za Browning kwa jeshi lao. Hizo zina tai mdogo na herufi WaA, alama ya wakaguzi wa silaha wa Kijerumani, zikifuatwa na namba, kama 140. Beretta ndiyo rahisi kusoma: ubavuni ina mwaka wa kawaida na mwaka wa Kifashisti (kalenda ya utawala wa Mussolini) kwa namba za Kirumi, unaoanza mwishoni mwa Oktoba. Kwa hiyo 1940 inaweza kufuatwa na XVIII au XIX. Taji juu ya RE ni jeshi la nchi kavu la Italia.

Hapo ndipo hadithi ya ukoo inapimwa. Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, iliwashinda Waitalia huko Saio, Ethiopia, Julai 1941. Beretta ya 1939 yaweza kutoka huko. Yenye 1942 XX haiwezi kabisa, hata wazee wasimulie vipi.

Chuma kinataja kiwanda na jeshi. Aliyeibeba anatafutwa kwenye karatasi. Tafuta kitabu cha askari au cheti cha medali chenye matrikili, yaani namba yake ya jeshini, kisha andika kwa Kifaransa kwa Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, Brussels. Taja kijiji na teritwari ya kuzaliwa, na jina alilotumia enzi za ukoloni, la ubatizo likiwemo. Ukitoa lile alilolichukua baada ya majina kubadilishwa mwaka 1972, faili halitapatikana.