Kidonda kimefunga, maumivu yamebaki: namna ya kuyafuatilia

Mgonjwa aliyeumia neva hujieleza kwa maneno yaleyale: panachoma, panapiga shoti, shuka likigusa tu naruka. Ngozi imeshafunga zamani. Mimi huchukua karatasi, nikachora neva na uti wa mgongo, kisha tunaanza.

Hatua ya 1: Anzia penye jeraha. Seli za Schwann, zinazoifunika neva, ndizo za kwanza kupiga yowe. Hutoa sitokini (kemikali ambazo seli hutumia kuitana) kama TNF na IL-1β, na makrofaji, seli za kinga zinazomeza taka, huja kusomba mabaki. Usimwambie mgonjwa kwamba kinga yake imekosea. Mabaki yasiposombwa, neva haioti vizuri.

Hatua ya 2: Eleza moto usioonekana. Kipokezi cha TRPV1, mlango wa kuhisi joto ulio kwenye neva, kwa kawaida hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi. Sitokini na NGF, kemikali inayokuza neva, zikikichokoza, hata joto la mwili linaweza kukifungua. Ndiyo maana panachoma.

Hatua ya 3: Panda hadi uti wa mgongo. Hapa usikimbie. Maikroglia, seli za kinga za huko, huamka, na kipokezi chao cha P2X4 kikishikwa na ATP, kemikali inayomwagwa na seli zilizosumbuliwa, seli hizo hutoa BDNF, protini inayopeleka ujumbe kwa niuroni (seli za neva). BDNF hudhoofisha KCC2, pampu inayotoa kloridi nje ya niuroni. Kloridi ikirundikana ndani, GABA, kemikali ambayo ndiyo breki ya niuroni, haishiki tena. Mguso mwepesi unapita kama maumivu. Lakini ramani hii ilichorwa zaidi kwa panya dume. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba panya jike hutegemea zaidi seli T, seli nyingine za kinga. Kwa hiyo mimi huichora kwa penseli.

Hatua ya 4: Pima kwa pamba. Mgonjwa afumbe macho. Gusa upande usioumwa kwanza, ajue pamba ikoje. Kisha anzia mbali na jeraha, usogee taratibu, anaposema “hapo!”, weka alama kwa kalamu. Zungukia pande zote, uunganishe alama. Pamba ikiuma, hiyo ni alodinia, yaani maumivu yanayoletwa na kitu kisichopaswa kuuma. Ganzi na maumivu vikikaa pamoja, andika vyote viwili. Wengi huandika kimoja.

Hatua ya 5: Dawa. Ibuprofeni huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za uvimbe na maumivu, lakini hadithi uliyoichora haiishii hapo, ndiyo maana mara nyingi haifui dafu. Daktari huanza na amitriptilini au gabapentini, kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole.

Kabla hajaondoka, omba ruhusa upige picha ule mstari wa kalamu. Akirudi, pima upya bila kuitazama picha, ndipo ulinganishe.