Jinsi ya kuongoza mjadala wa kupoza dunia kwa salfa bila watu kurushiana viti

Kama uko Tandahimba au Newala usianze na neno jioenjinia, yaani kubadili hali ya hewa ya dunia kwa makusudi, utapoteza watu dakika ya kwanza. Anza na salfa, ile poda ya kuua ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Huku kila mtu kapulizia mikorosho alfajiri ili poda ishike kwenye umande, na kila mtu anamjua yule jirani anayewasha bloa, mashine ya kupulizia, saa nne upepo umeshachachamaa, mzigo wote unahamia kwa mwenzie. Mie wa kwangu alinijaza poda mpaka macho yakavimba, namfuata ananiambia si nimekuulia ubwiriunga bure! Hapo ndo mjadala wenyewe.

Sasa waambie kuna wanasayansi wanawaza kupeleka gesi ya salfa juu sana, kupita mawingu, ipunguze mwanga wa jua. Watakucheka, wape Pinatubo, volkano ya Ufilipino iliyolipuka 1991 ikarusha mamilioni ya tani za hiyo gesi na dunia ikapoa kama nusu digrii kwa muda.

Halafu gawa vikundi viwili. Wa kwanza wawe watu wa hewa na fizikia: mvua itaenda wapi? Maana modeli zinaonyesha ukipulizia upande wa kaskazini tu, Sahel, ule ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara, inaweza kukauka, na ukizima ghafla joto linarudi kwa kasi kwa sababu kaboni haijaondoka. Wa pili watu wa jamii na siasa: nani anashika bloa, nani anaizima, nani analipa.

Wa kwanza watasema tujaribu kidogo kwanza. Wape kisa cha Harvard, 2021 walitaka kurusha puto Uswidi kupima vifaa tu, salfa hata haimo, Wasami wenyeji wa kule wakakataa, puto halikuruka na 2024 mradi ukafungwa. Wa pili nao usiwaachie watambe, 2024 hiyohiyo Nairobi, Uswisi ilileta pendekezo la kuunda jopo la wataalamu wa kuchunguza jambo hili kwenye baraza la mazingira la UN, nchi za Afrika zikataka makubaliano ya kutotumia kabisa, mwisho pendekezo likaondolewa. Yani hata kuunda jopo tu kulishindikana.

Swali la mwisho ni kimbunga Hidaya. Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika pale Somanga, je kama mwaka ule kuna nchi ilikuwa imeshapulizia, tungemshtaki nani na ushahidi tungeutoa wapi? Agiza soda kabla hujauliza.