Somo: Mlio chini ya Hilux ya zamani, ushike kwanza ndipo ununue spea

Wakuu, somo hili ni la wenye Hilux LN106, zile za dizeli 2.8 zilizotengenezwa 1988 hadi 1997. Zina springi za mabapa mbele na nyuma, na ekseli ya mbele ni mti mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ni gari ngumu, lakini zimezeeka, na kila wiki naona mtu anamwaga hela kwenye spea isiyohusika. Mimi mwenyewe nilibadilisha shokapu zote nne kwa sababu gari ilikuwa inagonga nyuma. Ikaendelea kugonga vilevile. Zilizokuwa zimeisha ni bushi (raba) za shekeli, vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi, upande mmoja tu.

Hatua ya 1: Toa kila kinachoweza kugonga. Jeki, spana, minyororo, ndoo. Kaza tairi la spea lililoning'inia chini ya bodi. Tikisa bomba la ekzosi kwa mkono likiwa limepoa, uone kama linagusa chesisi. Usiruke hatua hii hata kama una uhakika na ugonjwa.

Hatua ya 2: Sikiliza mlio unatokea lini. Endesha polepole, vioo vimeshushwa, mwenzako akae upande wa pili. Mlio ukitokea kwenye tuta tu, anza na shokapu, shekeli na yuboti (boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli). Gari ikigonga mara moja unapokanyaga breki au unapoingiza gia, tazama yuboti na krosi (viungo) za propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Mlio ukitoka unapozungusha usukani gari imesimama, ugonjwa uko kwenye viungo vya usukani. Kama ni mlio wa kukwaruza unaoongezeka na mwendo, fikiria beringi. Andika kwenye karatasi, maana ukishalala chini ya gari utasahau.

Hatua ya 3: Gari ikiwa chini, matairi yamekanyaga ardhi. Weka kigingi kwenye matairi ya nyuma. Mwenzako achezeshe usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, bila kukata kona yote. Wewe weka kiganja kwenye kila kiungo kwa zamu: mkono wa steringi boksi, dragi linki (fimbo inayotoka kwenye mkono huo kwenda kwenye gurudumu), kisha tairodi endi zote mbili (viungo vya ncha za fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele). Kiungo kizima husogea pamoja na fimbo yake. Kilichoisha, fimbo hutangulia na kiungo hufuata, na kiganja kinausikia ule mgongano. Tazama pia boliti zinazoshika steringi boksi kwenye chesisi, na chesisi yenyewe hapo kama ina ufa. Halafu kagua nati nne zinazokaza mkono wa usukani juu ya kile kichwa cha mviringo nyuma ya gurudumu. Zikilegea, stadi zake hukatika, na hapo huna usukani.

Hatua ya 4: Inua mbele. Jeki chini ya ekseli, halafu stendi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukirudia. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, zile za juu na chini ya kile kichwa ambazo gurudumu hugeukia linapokata kona. Jaribio hili ni la dakika mbili na linakuepusha kufungua kitu kisicho na kosa. Ukiona grisi nyembamba kama uji inatoka kwenye kile kichwa, sili ya ndani imepasuka na oili ya difu inaosha grisi. Beringi hazitadumu hivyo.

Hatua ya 5: Springi. Chukua mtaimbo, uingize kati ya shekeli na chesisi, ubonyeze. Raba inatakiwa ijibane kidogo, chuma kisigonge chuma. Kagua yuboti, na pima umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi sehemu ileile ya chesisi, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, huenda senta bolti (inayoshika mabapa ya springi pamoja katikati) imekatika na ekseli imehama. Ukifunga bushi mpya, kaza mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwa uzito wake, la sivyo raba inajinyonga na kuisha mapema.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikipiga shimo nikiwa 60 usukani unatetemeka kama utang'oka mpaka nipunguze mwendo. Nimeambiwa ni shokapu ya usukani.*
Shokapu ya usukani huficha ugonjwa, mara chache ndiyo ugonjwa. Fanya Hatua ya 4. Mara nyingi kingipini zimelegea. Hurekebishwa kwa kupunguza shimu (vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi), au kubadilisha beringi zikiwa zimeliwa. Balansi matairi pia.

*Fundi, yangu inalia kama ndege kwenye matuta. Nilimwagia oili chafu ikanyamaza wiki moja.*
Dada, oili huvimbisha raba na kuilainisha mpaka inachanika. Osha kwa maji ya sabuni. Kisha mwagia maji safi bushi moja moja, mwenzako akitikisa bodi. Ile inayonyamaza kwa maji ndiyo ya kubadilisha.

*Mbele kunatatarika nikikata kona nikiwa kwenye four wheel, kwenye matope.*
Fungua loki za habu zote mbili (zile za katikati ya magurudumu ya mbele, zinazounganisha gurudumu na ekseli), rudisha gari two wheel, ukate kona ileile. Tatata ikipotea, mara nyingi ni sivijointi (kiungo cha ekseli ndani ya kile kichwa cha mviringo) imeisha. Na kwenye lami kavu usiingize four wheel kabisa, mfumo unajibana wenyewe.

*Kaka, tairodi endi ya kulia inacheza, na kesho nina mzigo Songea kwenda Njombe. Nitafika?*
Usiondoke. Barabara hiyo ina milima na kona, na kiungo hicho kikichomoka tairi moja linaenda kwake. Kibadilishe leo. Hesabu mizunguko unapofungua ya zamani, funga mpya kwa idadi hiyohiyo, weka kota pini mpya, kisha pima alaimenti kabla ya kupakia.