Sauti yako inafaa nyimbo za kiasili? Jipime hivi

Sauti tamu peke yake haitoshi, na saa zingine hata haihitajiki. Hapa Nairobi wengi tumefunzwa kuimba kwaya ya kanisa ama ya shule, tukaambiwa tulainishe sauti, tuzungushe mdomo, tuchanganyike na wenzetu mpaka mtu asisikike pekee yake, sasa ukipewa wimbo wa kiasili unauimba hivyo hivyo na unatoka wa misa.

Anza na sauti yako ya kuongea. Sema ule mstari wa kwanza ukiita mtu ako ng'ambo ya barabara, si kupiga nduru, kuita tu, halafu vuta silabi polepole mpaka ikuwe wimbo. Sauti unayoitaka iko hapo, kifuani, karibu na maongezi. Ukipanda hadi inakuwa nyembamba, shuka uanze upya chini, hakuna mtu atakuuliza.

Halafu maneno, na kwangu hii ndio kubwa kuliko zote. Jirekodi na simu, mtumie mtu anajua hiyo lugha vizuri, ikiwezekana shosho, umuulize umesema nini (usimuulize kama ni tamu, atakubali tu juu anakupenda). Akishindwa kushika maneno, kazi bado. Kama unaimba Kidholuo ama Kikuyu chunga hata zaidi, kwa hizo lugha toni ikipanda ama ikishuka maana inaweza badilika, kwa hivyo ukianza kujipambia melodi vile unataka unaweza jikuta umesema kitu ingine kabisa mbele ya wakwe.

Nyimbo nyingi za huku mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Mwanzilishi lazima awe na makali ya kupita juu ya ngoma. Angalia isukuti, densi ya ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ile UNESCO iliweka mwaka wa 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka: ngoma ziko hapo, pembe iko hapo, sauti ya kubembeleza inamezwa tu. Fanya zoezi bila maiki, wenzako wapige makofi na waitikie, na wakichanganyikiwa waingie wapi ujue mwisho wa mstari wako unalegea.

Lakini si kila wimbo unataka nguvu. Marehemu Ayub Ogada aliimba na nyatiti, ile ala ya Waluo ya nyuzi nane, kwa utulivu sana na bado ulikuwa unasikiliza hadi mwisho. Chagua wimbo kulingana na koo yako.

Mikwaruzo nayo isikutishe, Bi Kidude wa Zanzibar aliimba taarab na nyimbo za unyago hadi uzeeni na sauti yake haikuwa laini hata kidogo. Ila kama umetoka mazoezi ukiongea kama jogoo mgonjwa, hiyo si mikwaruzo, umekamua koo. Vuta pumzi tumboni, kunywa maji, pumzisha koo.

Na wale mnajiandaa kwa yale mashindano ya muziki ya kitaifa (Kenya Music Festival) yaliyoanza 1927, msisimame wima. Hizi nyimbo zinaimbwa mtu akicheza, na ukiruka pumzi inakatika mahali hukupanga, kwa hivyo imba ukicheza tangu siku ya kwanza ya mazoezi, sio wiki ya mwisho.